Mtungi Juu ya Makaa

Siku ambayo waziri alikuja kuutazama mwali wa gesi nyumbani kwa Mama Wawili, mwali wenyewe uliamka mgonjwa.

Mama Wawili alikuwa amewasha jiko ili ajaribu tu, aone bluu yake kabla wageni hawajaiona. Kiberiti kikawaka, moto ukatoka. Lakini ulikuwa moto gani huo! Mdogo, wa manjano juu, umejikunyata kama mtoto aliyeamshwa kwa nguvu. Akaongeza, haukuongezeka. Akautikisa mtungi, ukamjibu kwa sauti nyembamba tumboni. Akaugusa, akashtuka: ulikuwa baridi, na umetoa jasho chini kote, matone kwa matone.

"Usinifanyie hivi leo," aliuambia, ameuinamia kama anamwombea mtu. "Kesho gombana na mimi utakavyo. Leo nakuomba heshima."

Nje mtaa ulikuwa umeamka zamani. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, mashimo yakazibwa kwa mchanga, na spika zikafungwa kwenye nguzo za umeme toka barabara kuu mpaka mlangoni kwake. Watoto wake wawili, mapacha wa miaka minane, walikuwa wameshavaa sare za shule wenyewe bila kusukumwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu waandikishwe.

"Mama, ni kweli tutaonekana kwenye televisheni?" Pacha wa Kwanza aliuliza.

"Mtaonekana."

"Na mimi?" Pacha wa Pili akauliza.

"Wewe wapi? Si nimesema mtaonekana? Kapanguse pua kwanza. Nchi nzima itaiona."

Nchi nzima, ndiyo. Maana miezi ile nchi ilikuwa na habari moja tu. Misitu imeliwa na majiko yetu, mvua imepotea njia. Ikija inakuja siku isiyoitwa na inaondoka na nyumba za watu, na upande mwingine wa nchi hiyo hiyo ng'ombe wanakufa wamesimama. Nchi yenyewe ni kubwa kiasi kwamba redio ikisoma hali ya hewa, hawa wanaambiwa wahame mabondeni na wale wanaambiwa waendelee kuomba dua. Basi serikali ikatoa neno moja kwa wote: kila nyumba, mtungi mmoja. Makaa basi. Malori yakatoka bandarini yamejaa mitungi, yakapanda milima, yakazama kwenye tope, mengine yakavutwa na matrekta huku wanafunzi wakiyaimbia. Watu walisikia kwenye redio kwamba yamefika kaskazini, yamefika magharibi, wakashangilia kama wanaosikiliza mpira.

Yalipofika kwao, mtaa wote ulikusanyika uwanjani. Afisa aliyekuja nayo alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa na kipaza sauti cha mkononi. Wanawake wakampa jina la Bwana Nishati kabla hajamaliza kusalimia. Aliweka mezani mtungi wenye jiko kichwani, akazungusha kitasa, akawasha. Paa! Maua ya bluu yakachanua. Watu wakapiga makofi. Akazima, akawasha tena. Makofi tena. Akawaita akina mama mmoja mmoja wajaribu, na waliofaulu wakapigiwa vigelegele. Ndivyo walivyofundishwa gesi. Walifundishwa kuwasha na kuzima.

Na nyumba ya Mama Wawili ilichaguliwa kuwa ya mfano. Sababu haikuwa uzuri wake. Sababu ni mama mkwe.

Mama mkwe wake alikuwa muuza makaa, anajulikana kwa jina la Bibi Makaa hata na wasiowahi kununua kwake. Mtaa mzima umepikiwa kwa makaa ya ua ule. "Sasa fikirini," Bwana Nishati alisema siku alipokuja kuikagua nyumba, amefurahi anasugua mikono, "nyumba iliyouza makaa miaka yote hiyo, leo inapika kwa gesi! Kuna picha gani itakayoshinda hiyo? Waziri mwenyewe atakuja."

Mumewe Mama Wawili, ambaye kazi yake ni kuezeka mapaa, alishinda siku hizo akiwatangazia mafundi wenzake. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono imempita vidole.

"Naonekanaje?" alimwuliza mkewe.

"Kama koti limetoka peke yake kutembea."

"Cheka tu. Leo hata wale waliokataa kunipa kazi wataniona." Akamsogelea, akashusha sauti. "Moto wenyewe uko sawa?"

Mama Wawili alitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno. Akatazama lile koti, akatazama uso ule ulionyolewa vizuri, akasema, "Uko sawa."

Haukuwa sawa. Alihofia umeanza kuisha. Tangu mtungi uingie ndani, alikuwa hawezi kumnyima mtu bluu ile. Jirani akija kuchemsha maji ya mtoto, karibu. Msusi wa nyumba ya nne akija kuonjesha mgeni wake chai ya gesi, karibu. Wengine walikuwa na mitungi yao, wameifunika kwa vitambaa wanaionea huruma, wanakuja kutumia wa kwake. Naye alikuwa anapenda kuwaona wanavyosimama wakiutazama moto usio na moshi. Kujaza upya ilikuwa juu ya kila mtu mwenyewe, na hata aliye na uwezo angejazia wapi? Duka la gesi lilikuwa moja, ng'ambo ya mji, na kwa kuwa mitungi mingi ilianza kutumika siku moja, duka lenyewe lilikuwa limefunga mlango linasubiri lori.

*

Bwana Nishati alifika mapema na kitambaa cheupe cha meza, maua ya plastiki, na jasho.

"Shikamoo, mama. Huyu ndiye bibi?" Akamtazama Bibi Makaa, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya stoo ya makaa, uani, mikono imekunjwa. "Marahaba, sijui… yaani, shikamoo, bibi. Sasa bibi, tumepanga hivi. Wakati wa shughuli wewe utakuwa kwa jirani kidogo."

"Kwa jirani gani?"

"Yeyote. Kidogo tu."

"Nyumba hii unayoipiga picha," Bibi Makaa alisema bila kuinuka, "kila bati lililo juu nimelileta mimi, kwa mikono hii unayoiona imeingia weusi. Halafu leo mikono hii iende kwa jirani?"

"Si hivyo, bibi. Ni mambo ya picha."

"Picha haipendi wazee?"

"Picha haipendi makaa, bibi yangu."

Mume wa Mama Wawili alikohoa, akaanza kunyoosha viti vilivyokwisha nyooka. Magunia ya mwisho ya mama yake yalikuwa bado stoo. Alitakiwa ayamalize kabla ya tarehe ya katazo, na wanunuzi wenyewe wamekuwa wa mitungi. Bwana Nishati akaleta pazia la maua, akalitundika mlangoni mwa stoo, magunia yakafichika. Bibi Makaa akaachwa pale pale kwa masharti kwamba akae nyuma ya pazia na asipige chafya.

"Nimefichwa kama deni," alimwambia mkwe wake, akacheka kwa pua. Kisha akaingia ndani ya pazia lake.

Mama Wawili alimfuata Bwana Nishati mpaka sebuleni. "Bwana, samahani. Huu mtungi naona kama…"

"Mama!" Akanyanyua kidole. "Leo usiniambie neno 'kama'. Nimeyasikia mengi toka asubuhi. Spika kama haisikiki, gari kama linachelewa, waziri kama anakuja mapema. Wewe niambie ndiyo."

"Ndiyo," akasema Mama Wawili.

"Hapo sawa. Chai ya waziri itachemka mbele ya kamera. Bluu! Nataka ile bluu." Akatoka mbio.

Akabaki peke yake na mtungi. Akaupapasa tena. Baridi. Jasho.

Sasa, mtu aliyekua kwenye makaa ana akili yake ya moto, na akili hiyo haitoki kwa siku moja. Makaa yakikataa kuwaka, huyatukani wala huyatupi. Unajua yamelowa. Unayasogeza karibu na joto, yanakauka, yanatoa mvuke wake, halafu yanashika yenyewe. Mama Wawili alifanya hivyo tangu hajafikia urefu wa meza. Na sasa mbele yake kulikuwa na kitu kimegoma kuwaka, ni baridi, na kinatoa maji. Angefikiri nini kingine? Wewe ungefikiri nini?

"Umelowa tu," aliuambia, na moyo wake ukaruka kwa furaha. "Kumbe umelowa tu, hujaisha!"

Akaubeba mtungi kifuani, akapita nao uani, akaingia nyuma ya pazia. Bibi Makaa alikuwa na jiko lake dogo anachemshia chai kwa siri, makaa yamebaki mekundu chini ya jivu. Mama Wawili akaipua birika, akauweka mtungi juu.

"Unalifanya nini dude hilo?"

"Nalikausha, mama. Limelowa."

Bibi Makaa alitazama, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Eeh! Kumbe hata gesi ya serikali inalowa! Nilijua tu. Mwisho wa yote wanarudi kwangu."

"Dakika chache tu, nakuja kuuchukua. Uniangalizie."

"Niuangalie ukifanya nini? Si ni chuma? Nenda kavae."

*

Alikuwa amefunga kifungo cha pili cha gauni jipya aliposikia ving'ora. Waziri, ambaye hakuna mtu aliyewahi kusikia amewahi mahali, alikuwa amewahi.

Uwanja mdogo wa mbele ukafurika mara moja. Magari meusi, vumbi, askari wakisukuma watu kwa adabu, wanawake wakipiga vigelegele, vijana wamepanda juu ya ukuta. "Mama Wawili, toka tukuone!" "Ametoka! Huyo! Gauni hilo jamani!" "Mwambieni waziri na mimi nina jiko!" Alitaka kwenda uani, lakini Bwana Nishati alimdaka mkono mlangoni.

"Mtungi uko wapi? Meza tupu hii!"

"Niko… naupangusa. Nauleta sasa hivi."

"Wako? Wa nini? Ule una madoa ya kupikia mtaa mzima, nilishauona." Akapiga kelele nje. "Leteni ule!" Na vijana wawili wakaingia na mtungi mpya kabisa kutoka kwenye gari, unang'aa, una utepe. Wakauweka juu ya kitambaa cheupe. Wakaujaribu. Bluu. Maua yaliyochanua vizuri kuliko siku ile uwanjani. "Wa picha ni huu, mama. Ulifikiri tungemwachia waziri bahati nasibu?"

Mama Wawili aliuangalia moto ule akahisi kitu kama aibu na kitu kama nafuu vimechanganyika. Kumbe alihangaika bure. Kisha akakumbuka wa kwake.

"Naomba nitoke kidogo uani."

"Hapana! Kaa." Mtu wa sauti alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, anambana kipaza sauti kidogo kifuani na kumpitishia waya mgongoni. "Usisogee, mama. Ukisogea inakwaruza, na hii inatoka kwenye spika za mtaa wote."

"Ni kidogo tu, nina kitu jikoni…"

"NINA KITU JIKONI," spika za mtaa zikarudia neno lake barabara nzima, na umati nje ukaangua kicheko. Mtu wa sauti akamtazama vibaya. Akaketi.

Waziri akaingia. Mrefu, mwenye uso wa kuchangamka, akaketi kwenye kiti cha kuazima, kikalia. Sufuria ikawekwa motoni. Kamera tatu zikageuka.

"Mama yangu, hongera. Waeleze wananchi, kutoka mpaka hadi mpaka: gesi imekuletea nini?"

"Imeniletea…" Macho yake yalipita bega la waziri, yakapita mlango wa nyuma uliokuwa wazi, yakafika uani. Na hapo akawaona watoto. Walimu walikuwa wamewapanga watoto wa kwaya uani ili waimbe waziri atakapotoka. Wamewapanga kivulini. Kivuli pekee cha ule ua ni cha stoo. Watoto wote, mistari mitatu, wameligeuzia pazia la maua migongo yao, na wanawe wawili wako mstari wa nyuma kabisa.

"Mama?" waziri alisema, anatabasamu. "Imekuletea…?"

"Imeniletea bluu," akasema. Watu wakacheka, waziri akacheka. Chini ya kicheko hicho aliisikia. Sauti nyembamba, kama filimbi inayopulizwa na mtu asiyejua. Ilikuwa inapanda. Walimu hawakuisikia, watoto hawakuisikia. Yeye aliisikia kwa sababu alikuwa anaisubiri bila kujijua.

"Nauliza pia, moshi je? Macho yako sasa…"

Mama Wawili akasimama. Waya ukamvuta, akauvuta, gauni likachanika.

"TOKENI!"

Spika zote, toka barabara kuu mpaka mlangoni, zikapiga kelele kwa sauti yake. "WATOTO TOKENI UANI! TOKENI! MTUNGI! KIMBIENI MTUNGI!"

Mtaa mzima uliruka. Bwana Nishati akazima jiko, meza ikaanguka, askari wakamfunika waziri wakamtoa kwa mbele, kamera moja ikapiga dari. Mama Wawili alipita mlango wa nyuma na waya, uliokwisha kuchomoka, umemning'inia kama mkia. Watoto walikuwa wamesimama wanamtazama, wameduwaa, wanasubiri mwalimu aseme. Mume wake ndiye aliyeelewa kwanza. Hakuuliza. Alirukia uzio wa bati alioupigilia misumari mwenyewe, akautia bega, akang'oa bati zima pamoja na mkono wa koti la watu, na watoto wakamiminika kwenye ule upenyo kama maji.

"Pita! Pita! Usigeuke! Pita wewe!"

Filimbi ikageuka mngurumo. Pazia la maua likavimba, likawaka. Ulimi wa moto ukachomoza mlangoni, mrefu, si wa bluu wala wa manjano, mweupe, ukalamba ukuta mpaka darini. Na katikati ya hayo akatoka Bibi Makaa, ameinama, nywele zinafuka, anamburuta kwa kola Pacha wa Pili ambaye alijikwaa mlangoni pale pale.

"Chukua mtoto wako!" akamrushia. "Chukua, mimi naweza kutembea!"

Walilala chini nyuma ya pipa la maji. Mngurumo uliendelea kidogo, ukapungua, ukakoroma, ukaisha. Gesi yenyewe ilikuwa kidogo. Hiyo ndiyo iliyowaponya. Kilichobaki kikiwaka ni magunia ya bibi, na hayo yaliwaka kwa bidii, kazi yake ya mwaka mzima, mpaka majirani walipoyamaliza kwa ndoo na mchanga.

Waliwahesabu watoto. Wakawahesabu tena. Wote walikuwepo. Mwalimu mkuu akakaa chini akalia kama mtoto wa kwaya.

*

Waziri hakuondoka. Walinzi walitaka kumpakia garini, akakataa. Labda ni ushujaa, labda ni kamera. Akapangusa vumbi, akasimama kwenye kizingiti na stoo inafuka nyuma yake.

"Wananchi," alisema, na spika zilikuwa bado nzima, "mmeona wenyewe! Hakuna hotuba inayoweza kushinda hii. Watoto wetu wangekufa leo. Hayo ndiyo makaa! Yanamaliza misitu, yanafukuza mvua, na leo yalitaka kumaliza kizazi. Nani alikuwa ameficha makaa hapa?"

Vidole vikaanza kunyooshwa kabla vichwa havijafikiri. Watu aliowakopesha makaa, watu aliowapimia vizuri siku za shida. "Ni bibi huyo!" "Si alikatazwa?" "Mzee mbishi!" Bibi Makaa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jivu mpaka kwenye kope, ameungua mkono. Askari mmoja akasogea upande wake.

Bwana Nishati alimvuta Mama Wawili pembeni. Yeye alikuwa ameshachungulia stoo, ameshaona chuma kilicholala ndani ya jiko.

"Mama, nisikilize. Nimeuona mtungi wako ulipokuwa. Nitautoa mimi mwenyewe, hakuna atakayejua. Wakikuuliza, ni makaa ya bibi, basi. Ule mpya wenye utepe ni wako."

"Na mama mkwe wangu?"

"Ni mzee, watamwonya tu, watamwachia. Lakini fikiria, mama! Ukisema gesi, leo jioni nchi nzima inaogopa. Watarudi msituni na mapanga kesho asubuhi. Malori yote yale, kazi yote ile! Mimi nimelala ndani ya lori kwenye tope, mama. Naamini kitu hiki. Usikiue."

Na hakuwa anadanganya, ndiyo shida yenyewe. Machozi yalimlenga. Mama Wawili alimwona kijana wa watu, si afisa.

Akamtazama mumewe. Mumewe alitazama bati alilong'oa. Mkewe upande huu, mama yake upande ule, angemtazama nani?

Bibi Makaa ndiye aliyenyanyua kichwa. Alikuwa ameelewa yote kwa mbali, kwa kuangalia midomo. "Sema tu, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayemruhusu achukue chumvi. "Mimi nimeshazoea kusemwa. Una watoto wa kulea."

Mwandishi wa televisheni alikuwa ameshafika, mwanamke mwenye kipaza sauti chenye manyoya, kilichounganishwa na spika za mtaa. "Mama mwenye nyumba! Ni nini hasa kilichotokea?"

Mbele yake mtaa wote ulikuwa umejipanga, mama kwa mama. Wengine na watoto mgongoni. Wote walipewa mitungi siku ile ile moja. Karibu wote walikuwa wanapika wali ule ule wa haraka na chai ile ile ya kujionyesha. Mama Wawili akawaza: jasho lile la mtungi, ni la kwangu tu? Duka limefungwa kwa wote. Asubuhi ya leo, ni nani mwingine aliyeupapasa wake akaona ni baridi?

"Si makaa ya mama," alisema.

"Mama…" Bwana Nishati alinong'ona.

"Makaa ya mama yamekaa humo miaka, hayajamuunguza mtu. Na gesi haina kosa, asiogope mtu. Ni mimi. Moto ulikuwa mdogo, mtungi ukawa baridi, ukatoa maji. Nikafikiri umelowa. Nikaupasha juu ya jiko, kama tunavyokausha makaa yaliyolowa." Sauti ilikuwa inamtoka kwenye spika zote na safari hii hakuiogopa. "Haulowi! Jamani, mtungi haulowi, unakuwa umekwisha tu! Ukikwisha uacheni. Msiuweke kwenye moto. Msiuweke hata karibu. Hatukuambiwa, nami sikuuliza, niliona aibu kuuliza mbele ya wageni. Nimewaweka watoto wenu mbele ya kifo kwa ajili ya aibu ya chai."

Alisubiri matusi. Alisubiri kicheko, au jiwe. Aliinamisha macho asione litakalotangulia.

Hakikuja chochote. Alipoinua macho, aliona msusi wa nyumba ya nne ameweka mkono mdomoni. Msusi alirudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine. Kisha akageuka akakimbia.

"Huyo vipi?" mtu akauliza.

Mama wa nyumba ya kona akamkabidhi jirani mtoto bila kusema neno, akakunja gauni mpaka magotini, akafuata. Halafu mwingine kutoka katikati. Halafu wawili pamoja, wanagongana mabega, na ndala zinabaki nyuma. Umati ukaanza kupasuka pasuka kama kitambaa, na kila aliyechomoka alikuwa mwanamke, na kila mmoja alikimbilia mlango wake.

Bwana Nishati alitazama mara moja, akaelewa. Akavua viatu vyake vinavyong'aa, akavitupa, akawafuata mbio peku peku huku akipiga kelele kwa sauti iliyopasuka, "Msiuguse kwa mikono! Toeni watoto kwanza! Mwageni maji kwenye makaa!" Mume wa Mama Wawili alikuwa ameshampita, koti la mkono mmoja linapepea. Kamera zote tatu zikamwacha waziri, zikageukia mtaa.

Mama Wawili naye alikuwa anakimbia, waya bado unamning'inia. Na kutoka ndani ya nyumba ya nne alimsikia msusi, juu ya kelele zote, akiwapigia wanawe ukelele: "Tokeni humo! Msichukue kitu, tokeni! Acheni hivyo hivyo, tokeni!"